Siku Bibi Alipomshinda Mtani Wake

Juzi muuguzi alinipima presha, akatikisa kichwa, akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kupata kiharusi. Harufu ya maharage mabichi ilinijia puani.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, bibi alikuwa barazani kwetu Bigwa akimenya maharage, nami nikichezea maganda. Mzee Masanja, jirani yetu Mnyamwezi, akapita njiani. Yeye na bibi walikuwa watani. Hawakukutana bila kutupiana maneno.

"Wewe Mluguru, pombe ya jana imekutoka kichwani?"

Bibi akainua uso. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno yakamtoka mazito, kama ya mlevi. Maharage yakamponyoka mkononi.

Mzee Masanja alijipiga mapaja kwa kicheko. "Leo umeniweza, mtani! Hebu rudia!"

Bibi akajaribu tena. Nilicheka mpaka nikagaagaa kwenye maganda. Hata chozi lake nilidhani ni mchezo. Leo najua zile zilikuwa dalili za kumkimbiza mtu hospitali.

Mama aliporudi kutoka shambani alimtazama mara moja tu, akatupa mzigo wa kuni, akapiga yowe.

Bibi hakusema tena. Siku ya maziko yake watu walimgeukia Mzee Masanja, maana msibani mtani ndiye mwenye mzaha. Alikaa kimya, kofia mkononi.

"Kwenu yupo?" muuguzi akauliza tena.

"Yupo, bibi yangu. Alijitahidi kutuambia, tukamwomba arudie."