Ngamia Wetu Kanisani

Mjini Garissa, jumba ninalolijua mimi lenye spika nzuri, feni zinazozunguka na watu wanaokaa kimya kumsikiliza mshairi ni moja tu: kanisa. Lilipotangaza alasiri ya nyimbo na mashairi, karibuni nyote, mimi Mwislamu wa mtaa wa Waberi, dereva wa tuktuk niliyeishia darasa la nane, nikajiona nimeitwa kwa jina.

Shairi langu lilimhusu ngamia wetu jike aliyekufa kwa ukame. Hooyo, yaani mama, hakunikataza kwenda. Alisema tu, "Shairi lisipojibiwa, lirudishe nyumbani. Usiliache kwa watu kama yatima." Kwetu Wasomali shairi hujibiwa kwa shairi. Kulipigia makofi tu ni kama kuitikia salamu kwa kukohoa.

Langoni askari polisi alinipapasa kuanzia kofia hadi viatu. Akaipata karatasi mfukoni, akaisoma yote taratibu, midomo ikicheza, kama anayetafuta ngamia amejificha mstari gani.

"Alikufa kweli?"

Nikamwambia alikufa. Akanirudishia karatasi.

Ndani kwaya iliimba, kisha mwalimu mmoja akasoma shairi la amani, refu kama vita. Nikaitwa. Nilisoma vizuri, hata pale ndama anaponyonya titi la maiti. Makofi. Nikabaki nimesimama. Mama mshereheshaji alidhani hayajanitosha, akaniombea mengine. Nikapigiwa. Nikabaki nimesimama.

"Kaa sasa, kijana," akaninong'oneza. "Wamefurahi."

Nilikuwa nimeshaanza kuikunja karatasi, mimi na yatima wangu turudi nyumbani, sauti nzito ilipotoka mlangoni. Ni yule askari. Bunduki begani, kofia mkononi, aliimba kwa Kipokoti, na nadhani mle ndani hakuna aliyeelewa hata neno, mimi nikiwa wa kwanza.

Alipomaliza akanitazama. "Huyo ni dume langu la ng'ombe, la ujanani. Pembe moja ilitazama chini. Kiangazi kilimchukua pia." Akarudi langoni kuwapapasa waliochelewa.

Mshereheshaji akaomba radhi kwa ratiba kukatizwa.

Nikitoka nilimpa askari karatasi. Nyumbani Hooyo akauliza shairi liko wapi.

"Nimeliacha kwa polisi. Amelijibu kwa wimbo wa dume lake la ng'ombe."

Akaguna, akaendelea kuchuja chai. Baada ya muda akataka kujua dume lenyewe lilikuwa la rangi gani.

Kesho yake nikapeleka tuktuk langoni kuuliza.