Mawe ya Kanisa la Machimboni

Pelagia alikuwa mtu wa kanisa, na asiyejua hilo alikuwa mgeni Machimboni. Mji wenyewe mdogo, uko njia ya Heru Juu, na ulizaliwa na chokaa. Zamani kampuni ilichimba mawe na kuyachoma kwenye matanuri, watu wakajaa. Chokaa ilipokosa wanunuzi, kampuni ikafungasha virago, matanuri yakaota nyasi, likabaki kanisa. Na kanisani alikuwemo Pelagia: kiongozi wa kina mama, sauti ya kwanza ya kwaya, na ulimi, mama wee, ulimi usio na breki.

Mwaka huu kanisa lilitimiza miaka hamsini. Siku ya jubilei Pelagia angewekewa mikono awe mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza tangu jengo lisimame. Kitenge kilishashonwa, ndugu wa Busunzu kule Kibondo walishaalikwa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa jikoni kwake kinamenya muhogo: mama yake mzazi.

Bibi Vestina alikimbia Burundi angali msichana, mwaka wa sabini na mbili, akaolewa na mchimba mawe. Kati ya waliokuwepo kanisa likijengwa, alibaki yeye peke yake. Mchungaji akasema, basi historia atatusimulia Bibi. Kikao kikapiga makofi. Pelagia naye akapiga, kwa shingo upande.

Maana Bibi Vestina alikuwa mpika pombe, tena si wa kujificha. Wachimbaji walitoka kazini Jumamosi wako hoi. Nani apandishe tena mawe ya kanisa kilimani kwa maombi matupu? Kwao Burundi, ukiwaita watu kwenye ikibiri, ile kazi ya kusaidiana, sharti wakute mtungi unawasubiri. Vestina akapika urwarwa, pombe ya ndizi, akautua mtungi pale msingini na mirija yake. Leta jiwe, vuta mrija. Kuta zikapanda!

Na Pelagia huyu huyu, mwaka jana tu, ndiye aliyesimama kwenye kikao akadai Claudine atengwe kwa kupika pombe ile ile. Claudine ni mjane, alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, analea watoto kwa huo mtungi. Wakamtenga. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, na mtoto wake wa mwisho hajabatizwa mpaka leo.

"Mama," Pelagia alisema siku zilipokaribia, "wewe useme mawe yalibebwa kwa nyimbo na maombi."

"Na mtungi?"

"Mtungi usiutaje."

"Kwani mtungi uliiba?"

"Mama! Unataka niaibike mbele za watu?"

Bibi akaweka kisu chini. Hakutaka mwanawe aaibike. Mama gani anataka? Akaomba afundishwe, akafundishwa, akayakariri maneno yale kama mtoto wa darasa la ubatizo. Pelagia aliona haya kumsahihisha mama yake hivyo, lakini akazimeza haya zake akaendelea.

Siku ikafika, kanisa likafurika. Bibi Vestina akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mawe yalibebwa kwa nyimbo na maombi," akasema. Vigelegele vikapigwa. Pelagia akashusha pumzi.

Lakini Bibi hakurudisha kipaza sauti. Akaigeukia kwaya, alikosimama mwanawe. "Ya kwako nimemaliza, mwana wanje," akasema, na spika zikaipeleka sauti mpaka barabarani. "Sasa niseme ya kwangu?"

Mungu wangu! Pelagia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mmoja akacheka, kisha kanisa zima likacheka, na Mchungaji naye, machozi yakimtoka kwa kicheko, akasema, "Sema, Bibi." Bibi akasema. Akautaja mtungi, akaitaja mirija, akamtaja mwinjilisti wa kwanza, ambaye alibeba mawe kuliko wote. Watu hoi. Halafu, bila ubaya wowote, akauliza, "Namwona Claudine pale mlangoni. Naye anapika kama mimi. Mimi mmenipa kiti cha mbele, yeye kakosa nini?"

Kicheko kikakatika. Vichwa vikamgeukia Pelagia, kimoja kimoja.

Aibu ikamshika mwili mzima. Ya pombe ilikuwa imekwisha pale watu walipocheka. Kumbe miaka yote aliogopa kitu cha kuchekwa tu. Iliyomshika sasa ilikuwa aibu ya kumfundisha mama yake kudanganya madhabahuni, na ya kumkaba mwenzake kwa kazi iliyomlisha yeye mwenyewe utotoni. Akatoka kwenye safu akaenda kumshusha mama yake.

"Unalia? Nimekosea, mwanangu?"

"Hujakosea, mama. Mkosaji ni mimi."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kila mtu akasikia. Mchungaji akajaribu kuiokoa ibada. "Mama Pelagia, basi karibu mbele tukuwekee mikono."

Pelagia akatazama sakafu. "Leo msiniwekee, Mchungaji."

Akasimama pale, akisubiri walau mtu mmoja aseme, jamani, Mama Pelagia, usifanye hivyo. Hakuna aliyembembeleza.