Figo ya Ngoyi na Mawese ya Mama Yake

Siku yangu ya kwanza kuvaa nguo nyeupe ya uuguzi, kule kliniki ya Chienge, mukubwa wa wauguzi alitazama viatu vyangu, kisha akasema: "Hapa utatibu malaria na vidonda. Kazi yenyewe ni vichwa vigumu vya bantu." Nilidhani anatania. Nikahamishwa Mununga, nikaja Nchelenge, na mpaka napata pensheni hivyo vichwa vilinishinda.

Nisikilizeni, ninyi vijana wa kazi. Mutu akipandikizwa figo ya mwingine, maisha yake yote anakunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae. Dawa zenyewe zinaweza kupandisha kolesteroli, ndiyo mafuta yanayotembea ndani ya damu. Yakizidi yanaganda kwenye mishipa ya moyo. Hayaumi, hayawashi, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Ilunga, muchuuzi wa samaki, alipewa figo na dada yake Ngoyi. Walirudi kutoka India wote wazima, tukashangilia. Kisha mama yao akaanza mambo yake. Kwao mugeni hapewi chakula kikavu, na figo, alisema, ni mugeni ndani ya mwili wa mutoto wake. Basi kila siku chisense, dagaa wetu wa ziwani, zinaogelea ndani ya mawese, mbuzi na mafuta yake yote. Chumvi alikataza, pombe alikataza, kwa sababu tulisema vinaumiza figo.

"Na mafuta inaumiza figo, Mama Muganga?"

"Inaumiza moyo, mama."

"Moyo ni wake wa kuzaliwa. Ule umezoea."

Nilimfokea, jamani, nilimfokea. Ilunga naye, mashavu yanang'aa, akaacha vidonge tulivyompa vya kushusha kolesteroli. "Sisikii kitu," anasema. "Za figo ninakunywa zote." Na kweli hakukosa hata siku moja. Daktari mukubwa wetu akasoma majibu ya damu, akavua miwani. "Figo safi. Mafuta yanatisha. Mwambie tena." Nimwambie mara ngapi?

Miaka ikapita, figo ikakaa vizuri. Asubuhi moja Ilunga akaanguka sokoni akipakia samaki. Walimfikisha kwetu amekwisha kukata roho. Ulikuwa moyo.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku, na hasira haijaisha. Nikisikia mutu anasema "sisikii kitu" natamani kumzaba kibao. Lakini mama yao nimemwacha, analia vya kutosha. Anayenikosesha usingizi ni Ngoyi. Alinishika mukono mlangoni pa mochwari.

"Mama Muganga, figo yangu ilikuwa imeharibika?"

"Hapana. Ilikuwa inafanya kazi vizuri."

Akajishika ubavu.

"Basi tunaenda kuizika ikiwa muzima."