Fundi Aliyegonga Matofali ya Mwezini

Kwanza tuelewane: mzee huyu hakuwa mtu wa mambo ya mwezini. Thubutu! Mwanamume ameshika mwiko miaka thelathini na minane, amejenga madarasa na zahanati, kuta za watu wenye nazo na vyoo vya watu wasio nazo, halafu uje umweleze habari za kujenga nyumba mahali pasipo na maji wala hewa? Alicheka mpaka akashika mbavu. "Plasta mtakandia mate?" akauliza.

Aliyemletea habari hizo ni binti yake mwenyewe, kitindamimba, mhandisi wa ujenzi aliyeajiriwa kwenye kambi ya majaribio nje ya mji. Kambi yenyewe ilikuwa ukumbi mkubwa wa mabati, sakafuni wamemwaga vumbi la kijivu lililosagwa lifanane na la mwezini. Mpango ulikuwa wa kujenga kituo cha kudumu. Watu wasiende tu kupiga picha na kurudi, bali wakae. Wangelala ndani ya hema nene lililojazwa hewa, na juu ya hema lingesimamishwa tao la matofali, tao nalo lifukiwe vumbi, liwakinge na vijiwe vinavyodondoka kutoka juu na miale ya jua inayoua taratibu. Matofali yangechomwa hukohuko kwa vumbi la hukohuko, bila tone la maji. Sasa wasomi wote wale, pamoja na mahesabu yao, hakuna hata mmoja aliyewahi kusimamisha tao kwa mkono wake. Binti akawaambia, "Namjua fundi mmoja. Ana mdomo, lakini mkono wake mtautafuta nchi nzima."

Mzee akaingia kazini hivyo. Mtaani walimwita Ngo-Ngo, kwa sababu hakuna tofali lililowahi kuingia ukutani kwake bila kugongwa na mpini wa mwiko, ngo-ngo, sikio ameliinamisha. Tofali zima hulia kwa sauti nyembamba inayokaa kidogo. Lenye ufa ndani, hata uso wake uwe mzuri vipi, hulia butu, na Ngo-Ngo hulitupa pembeni bila kulitazama mara mbili. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama wewe unavyopepesa macho. Na ilikuwa bora iwe hivyo, maana jicho lake la kushoto lilishaanza kufunga ukungu, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Nyumbani mkali alikuwa mama watoto. "Hapa bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki," alisema siku moja wakiwa mezani, "nyinyi mnakwenda kujenga kusikokuwa na bomba kabisa. Mna akili timamu kweli?"

"Mama, ndiyo maana tunakwenda," binti akamjibu. Alipoanza kuongea habari za mwezini uso wake ulibadilika, akawa kama mtoto. "Kule kila tone lazima lirudishwe, lisafishwe, litumike tena. Ukizembea unakufa. Tukishajua kuishi hivyo kule, hapa tutashindwaje? Halafu upande wa nyuma wa mwezi kuko kimya, makelele yetu ya redio na simu hayafiki. Ukitega mitambo pale, utasikia mambo ya mbali ambayo huku hatutayasikia milele. Na anayetaka kwenda mbele zaidi lazima awe na kituo. Utasafiri maisha yako yote ukianzia mlangoni kwako kila asubuhi?"

"Mimi sisafiri," mama akasema. "Mimi namtaka mwanangu."

Ngo-Ngo aliendelea kula. Ukweli ni kwamba yeye alishanaswa, ila hakutaka kukiri. Hayo ya kusikia mambo ya mbali hayakumgusa. Kilichomnasa ni kuambiwa kwamba mwezini hakuna mvua. Fundi yeyote aliyezeeka kazini atakuelewa. Kuta alizojenga ujanani zilishaliwa na mvua, nyingine na mchwa, na shule aliyoipenda kuliko zote ililazwa chini na greda asubuhi moja ili barabara ipanuliwe. Alisimama akaangalia, akarudi nyumbani, hakula siku hiyo. Ukuta wa kule juu, ukijengwa sawasawa, nani ataubomoa? Lakini ukuta ni ukuta, na mtoto ni mtoto. Siku moja wakati wa chai kambini, mbele ya watu wote, alitamka wazi: "Ukuta wangu uende, mwanangu abaki." Watu wakacheka. Binti hakucheka.

Jaribio kubwa likaja. Kwa siku arobaini wajenzi walivaa suti nzito za anga, na kofia za kioo zilizofunika kichwa kizima, wakajenga tao kana kwamba wako mwezini kweli. Mlangoni paliandikwa kwa herufi nyekundu: kofia haifunguliwi mpaka uambiwe. Kamera zilitazama tao. Rundo la matofali lilikuwa nyuma yao, bila mashine ya kuyapima, na kuyachagua ilikuwa kazi ya Ngo-Ngo.

Na hapo, jamani, ndipo mzee alipojikwaa. Siku ya kwanza aligonga tofali, asisikie kitu zaidi ya pumzi zake mwenyewe ndani ya kofia. Akagonga tena, hola. Mkono ukakataa kulipanga. Akainama kwenye rundo, akasukuma kioo juu nusu, ngo-ngo, akasikia, akafunga. Akafanya hivyo kwa la pili, na la tatu, siku zote arobaini. Mjanja? Wala! Hakuona kama anaiba mtihani. Kwake sheria ile ilihusu kazi, na kazi ilikuwa kupanga. Kugonga kulikuwa kabla ya kazi, kama kunawa mikono. Mabovu aliyatupa nyuma ya ukumbi, akayafunika turubai, akaendelea. Siku ile ungemuuliza kama amevunja sheria, angekula kiapo kwamba hajavunja.

Tao likasimama. Likabebeshwa mzigo wa mchanga mpaka mzigo wa mwisho, lisitoe hata ufa wa unywele.

Ijumaa asubuhi mkuu wa kambi, mama mmoja mwembamba asiyejua kupoteza maneno, aliwakusanya wote akasoma ripoti. "Katika tao zima," alisoma, "hakuna tofali lililopasuka. Imethibitika kwamba mjenzi aliyefunikwa na kofia anaweza kuchagua matofali kwa macho na mikono tu. Kwa hiyo mashine ya kupimia matofali inaondolewa kwenye safari." Akavua miwani. "Mashine ile ina uzito wa mtu mmoja na vifaa vyake. Nafasi hiyo tumempa mjenzi wa pili."

Macho yote yakamgeukia binti, maana mjenzi wa pili kwenye orodha alikuwa yeye. Akaziba uso kwa viganja, kisha akamkimbilia baba yake akamkumbatia kwa nguvu mpaka mzee akayumba. "Baba! Ukuta wako ndio umenipeleka!"

Watu wakaja kumshika mkono. "Mzee, wewe una jicho!" mmoja akampongeza.

"Jicho? Mimi sina jicho, mimi nina..." Ngo-Ngo akakatiza. Akakumbuka. Binti alishamweleza tangu siku ya kwanza: kule hakuna hewa, na pasipo na hewa hakuna sauti. Gonga nyundo kwa nyundo, utaona tu mikono inakwenda. Alichokitegemea yeye kwa siku arobaini ni kitu ambacho mwezini hakipo. Na kwa uongo huo, ambao hakuukusudia, mwanawe alikuwa amepewa kiti, akalale chini ya tao lililopangwa matofali ambayo hakuna mtu wala mashine ingekuwa imeyapima.

Jumamosi binti akaja nyumbani. Nyumba ikajaa majirani na vicheko. Mama yake alipika huku akifuta machozi kwa pembe ya kanga, na alipoulizwa akasingizia kitunguu. Binti alikaa kwenye kochi na baba yake, bega kwa bega, akichagua picha za kubeba, maana aliruhusiwa chache tu. Mzee alitafuta maneno tangu asubuhi, akapata haya: "Mwanangu, ukifika kule, tofali zima utalijuaje?"

"Si kama ulivyofanya wewe? Macho na mikono." Akacheka. "Mimi mwenyewe nilishangaa. Nilijua bila kugonga utaugua!"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mzee alifungua mdomo, akaona furaha ile usoni pa mwanawe, akanyoosha mkono kwenye picha. "Chukua na hii picha ya mama yako," akasema, "hii kacheka." Alijichukia kwa maneno hayo siku nzima na Jumapili yake.

Maana fikiri mwenyewe. Akisema, anamnyang'anya mwanawe kitu pekee alichokitaka tangu akiwa na meno ya utoto. Na nani atamwamini? Mtu aliyetangaza mbele ya chai na vikombe kwamba hataki mwanawe aende! Watasema mzee kapata upenyo. Asiposema, ukuta wake utasimama mwezini, mtoto atakuwa na furaha, majirani watamsalimia kwa heshima, na siku moja, pengine mwaka wa pili, pengine wa tano, tofali moja la katikati litakatika. Alijaribu kujipa moyo kwamba huenda yasitokee. Alijua sana matofali, hakuweza kujidanganya.

Jumatatu alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa mkuu wa kambi, akaeleza yote akiwa amesimama.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, unajua watu watasema nini?"

"Najua."

"Na mimi nitajuaje kwamba hujatunga?"

"Niliyoyatupa yapo nyuma ya ukumbi, chini ya turubai. Arobaini na moja. Kwa macho hamtaona kasoro. Yabebesheni mzigo."

Wakayabebesha siku hiyohiyo. Kumi na tisa yalipasuka kabla mzigo haujafika nusu. Kufikia saa tisa mashine ilikuwa imerudishwa kwenye orodha ya safari, jina la binti limehamishwa kwenye wajenzi wa akiba, na Ngo-Ngo amemwaga unga, kwa kosa la kufungua kofia. Hakuna aliyemwambia ahsante. Mkuu alimshika mkono tu, akauachia haraka.

Binti alimsubiri getini. Hakuwa analia, ingekuwa nafuu angelia. "Umefanya makusudi," akasema.

"Sikufanya makusudi, mwanangu."

"Ulisema mbele ya watu! Ukatafuta njia, umeipata. Hongera, baba." Akampa mgongo.

Wiki tatu binti hakupiga simu, na alipopigiwa hakupokea. Mzee alirudi kwenye vibarua vya mtaani, akawa anapiga plasta ukuta wa jirani. Vijana walimtania, "Ngo-Ngo, vipi, mwezini wamekurudisha?" naye ambaye zamani angewapa vidonge vyao alijitia hamnazo. Kilichomchoma zaidi kilikuwa ndani ya nyumba yake. Mama watoto alikuwa na raha. Aliimba akifagia. Asubuhi moja akamwambia kwa upole kabisa, "Mume wangu, umefanya la maana kumzuia."

"Sikumzuia!" mzee akafoka. Miaka mingi hakuwa amemfokea mkewe. "Mimi nilitaka aende! Umesikia? Tangu siku ile ananikumbatia, nilitaka aende!" Mwiko ukamtoka mkononi, akaketi juu ya ndoo akalia. Mkewe akaweka ufagio chini, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Jumapili ya tatu, saa sita mchana, mlango ukagongwa, akaingia binti. Alimwamkia mama yake, akamwamkia baba yake, akaketi kiti cha mbali.

"Nimeyaona yale kumi na tisa," akasema, akitazama sakafu. "Walituita wajenzi wote, wakapanga mezani picha zake za kabla ya mzigo, pamoja na za mazima, wakasema chagueni. Mimi nimechagua vizuri kuliko wenzangu wote. Na bado nimechukua manne mabovu. Moja ningeliweka katikati kabisa ya tao, baba. Nililipenda."

Mzee aliinamisha sikio, kama anavyosikiliza tofali.

"Mimi sikulaumu tena kwa kusema. Lakini mbona hukuniambia mimi kwanza?" Sauti ikaanza kumkatika. "Jumamosi ile nilikuwa hapahapa. Tulikaa kochi moja. Nimekuja kujua mbele ya watu, kama mtu baki! Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia wewe kwanza," mzee akasema, "ungenibembeleza ninyamaze. Na mimi, kwa ulivyokuwa na furaha, ningenyamaza."

Binti akainua uso ili abishe. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, naye akisubiri abishe. Binti alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akafunga mdomo.