Tuko Pamoja

Duka letu la St Marys, huku ughaibuni, hatua chache kutoka stesheni, lilikuwa na mlango mmoja na wapangaji wawili. Mkataba na mwenye jengo ulikuwa kwa jina langu. Mbele niliuza nywele za bandia na mafuta; chumba cha nyuma nilimpangisha mama Mkongo, msusi. Yeye alikuwa na mkataba na mimi tu, kwa hiyo wangu ukifa na wake umekufa. Hilo nililijua mimi, yeye hakulijua.

Korona ilipofunga maduka nilirudi kwenye uuguzi, na kusema kweli duka lilikuwa limenichosha. Nilikuwa na haki ya kuongeza miaka mitatu, mradi nimwandikie mwenye jengo kabla ya mwezi wa nane kwisha. Nikaamua siandiki. Kumwambia yule mama ndiko kulikonishinda. Niliogopa kuuona uso wake.

Mchana mmoja nilipita kuchukua mizigo, nikamkuta juu ya ngazi anapaka chumba chake rangi ya manjano, akijiandaa kwa siku wateja watakaporuhusiwa.

"Yaya," akaniita, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "ile karatasi ya nyumba iko karibu kuisha. Utaiongeza?"

"Usijali," nikamjibu. "Tuko pamoja."

Sisi Wakenya neno hilo tunalitupa ovyo: kumaliza simu, kumkwepa mtu, kuonyesha tumesikia. Nililisema ili niondoke. Yeye akatabasamu, akachovya brashi, akaendelea na kona yake.

Barua ya kututaka tuhame ilikuja akiwa amefungua tena wiki mbili tu. Hapo ndipo nilipokwenda kwa wakala wa mwenye jengo kumwombea. Wakala akashangaa. Wangejua mapema, alisema, wangempa huyo mama mkataba kwa jina lake mwenyewe; sasa duka limeshapata mtu. Sijawahi kujiona mtu wa hovyo kama siku ile.

Nilimsaidia kufungasha. Hakupiga kelele, na laiti angenitukana. Alipofika mlangoni na kiti chake cha kusukia, akageuka, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Yaya, mu Kiswahili ya kwenu, tuko pamoja ni kusema nini?"

Nikainama, nikajifanya nafunga boksi ambalo nilikuwa nimeshalifunga.