Raba ya baiskeli niliyomfunga binti yangu kwenye meno

Wakuu, salaam kwenu wote.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, kwetu Koboko, Uganda. Nikiongeza chumvi hata kidogo, basi na meno yangu yaliyobaki yang'oke.

Jana nimeona humu dada mmoja anauliza raba za kufunga mwanya zinapatikana wapi, na watu kibao wanamwelekeza. Tangu asubuhi siwezi kukaa kitako. Nimeshaunguza mboga. Acha niseme.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mama kijana. Senior four, yaani kidato cha nne, nilimalizia Arua, kwa hiyo mtaani nilijiona msomi. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Zaire, kila mtu anaanza upya. Binti yangu Zubeda alikuwa na miaka minane.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yaliota na mwanya katikati. Watu wa pwani najua mtasema mwanya ni uzuri. Sawa. Lakini shuleni kwake walimpa jina, Geti.

"Geti iko wazi! Ng'ombe ipite!"

Mtoto akaacha kucheka. Akiongea anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi damu inachemka.

Sasa mtaani alikuwepo mzee mmoja, zamani dresa wa jeshi, mfunga vidonda. Tulimwita Sajini. Familia zetu nyingi ni za askari, na mtu aliyetoka jeshini hakuulizwa swali. Alikuwa ameng'oa meno ya nusu ya Koboko kwa mkono usiotetemeka.

Nikampelekea Zubeda.

Akamwinua kidevu, akatazama. "Hii kazi ndogo. Jeshini niliona daktari muzungu anafunga meno ya mukubwa moja na waya. Waya mimi sina, lakini raba iko. Mama Zubeda, leta kale kampira ya valvu ya baiskeli. Mupya."

Wakuu, nilikwenda mimi, kwa miguu yangu, kwa fundi baiskeli sokoni. Nikakaosha kwa maji ya chumvi kwa mikono yangu. Sajini akakata kapete kembamba, akakavalisha meno yote mawili kwa pamoja.

Wiki mbili tu, mwanya ukafunga. Kabisa!

Nikawa natembea naye mtaani kama bibi harusi. "Zubeda, cheka waone." Jirani yangu Mama Rajabu akampeleka na wa kwake.

Siku moja kapete hakaonekani. Nikamuuliza Sajini.

"Imeanguka. Ama amemeza. Kazi imekwisha."

Nikashukuru! Sikumfungua mtoto mdomo nikatazama vizuri. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko yote.

Baada ya mwezi hivi, yale meno yakaanza kuonekana marefu. Fizi zimevimba, zinanuka. Zubeda anatafuna muhogo kwa upande mmoja. Nikigusa jino, linacheza kama kigingi kwenye tope.

Sajini akasema asukutue maji ya chumvi. Akasukutua. Usaha ukatoka.

Nikapanda naye lori la tumbaku hadi Arua, nikaenda hospitali ya misheni. Nikampata mama mmoja wa Kilugbara, mganga wa meno, mpole lakini macho makali.

"Mulifunga nini hapa?"

"Raba. Ilishaanguka."

Hakubishana. Akachoma ganzi, akaingiza kichuma kilichopinda ncha chini ya ufizi, akavuta polepole.

Kikatoka kitu cheusi. Kapete kangu.

Hakakuanguka. Muda wote ule kalikuwa kanapanda.

Akakaosha, akachukua penseli yake, akakavalisha karibu na ncha. Kakateleza kenyewe mpaka mwisho, kakadondoka mezani. "Muzizi ya jino iko hivi, imechongoka. Raba ikibana, inakimbilia kule kwa ncha. Inakata kila kitu yenye inashika jino."

Halafu akaniuliza, "Na ule mwanya, mama, nani alikuambia ni ugonjwa? Mtoto wa miaka minane! Chonge zikishuka, mara nyingi zinasukuma haya mawili yanakutana yenyewe. Ungengoja tu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akayafunga yale meno kwa waya mwembamba, akayaegemeza kwenye meno ya jirani. Kwa hiyo Zubeda naye akapata waya wa daktari, ila wa kuzuia yasidondoke.

"Kuna mtoto mwingine amefungwa hivi?"

Rajabu!

Kurudi Koboko sikufika kwangu kwanza. Niliingia kwa Mama Rajabu bila hodi.

"Nionyeshe mdomo wa Rajabu."

"We! Meno ya mutoto yako imeharibika, sasa unaonea wangu wivu?"

"Nitukane baadaye. Fungua mdomo!"

Kapete kalikuwa kamezama nusu. Mama Rajabu alipokaona akamshika mwanawe kichwa, mimi nikakakata kwa mkasi wa kucha. Meno ya Rajabu yalipona.

Kisha nikamwekea Sajini kale kapete keusi ka Zubeda kiganjani. Akakageuza geuza. "Mimi niliona waya tu," akasema. "Vile daktari alifanya kabla ya waya, sikuona."

Jino la kulia la Zubeda lilishika. La kushoto liling'oka likabaki kwenye kipande cha muhogo. Zubeda akaniletea kiganjani, hakulia.

"Mama, geti imefunguka tena."

Kwa hiyo wakuu, someni. Mwanya wa mtoto mdogo upeleke kwa daktari wa meno, na akikwambia ngoja, ngoja. Braces za kweli, zile nyaya za kunyoosha meno, zinashikiliwa na vyuma vilivyogandishwa kwenye kila jino, zinavuta jino na mzizi wake taratibu, na daktari anatazama kila mara kinachoendelea. Zinaweza kuchukua hata miaka. Anayekuahidi wiki mbili mkimbie. Zikitolewa, vaa kile kibati cha kushikilia meno kama ulivyoambiwa, maana meno hurudi yalikotoka. Na kitu kikipotea mdomoni, usikubali kuambiwa "amemeza". Kitafuteni.

Mwanya wa Zubeda ungeweza kufunga wenyewe. Hili pengo halifungi. Ni mama wa watoto sasa, na bado akicheka anaweka kiganja.

Waliofunga braces, au mliopitia kama yangu, karibuni mseme, hata kunitukana ruksa. Ila wewe dada wa jana, kama raba iko mdomoni hivi sasa, itoe kwanza ndipo uandike.