Skii Nyekundu za Mlangoni

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Burgi Rainalter alitoka na jozi ya skii nyekundu, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, akazikita kwenye lundo la theluji nyuma ya nyumba, akazizungusha kama mtu anayesonga ugali, kisha akaziegemeza mlangoni zichuruzike maji. Mteja akikanyaga kile kidimbwi lazima aulize, "Mama, ina maana umeshapanda mlimani leo?"

Burgi hapepesi macho. "Nilipanda na wafanyakazi wa gari la waya kulipokucha. Theluji laini kama unga wa ngano! Kaa hapo, nikupime mguu."

Uongo mtupu. Mara ya mwisho kuteleza alikuwa na miaka kumi na tisa, akaukumbatia mti, na walipoachana aliapa kwamba hiyo inatosha. Sasa ana hamsini na tisa, na nusu ya Ulaya imeshuka mlimani juu ya skii zake.

Alizaliwa Hinterlahn, upande wa kivuli wa bonde, ambako jua huaga Novemba na hurudi Februari. Hoteli moja ilipofungwa, alitoa ndama wake wa pekee akapewa jozi kumi na mbili za skii kuukuu. Alianza kukodisha ndani ya zizi, ng'ombe wakiwapumulia wateja visogoni, naye akawaambia joto hilo ni la bure. Ng'ombe waliondoka, duka likabaki. Kuteleza hakujui, lakini miguu anaijua. Humtazama mtu akivuka barabara akamtajia namba ya kiatu, kidole kitakachomuuma, na siku atakayorudi kulalamika.

Kuhusu likizo yenyewe ya skii, maoni yake yalibaki jikoni, kwa dada yake Zenzi.

"Hebu nieleze wewe," alikuwa akisema huku akimenya viazi. "Mtu analipa apandishwe mlimani, anajirusha mpaka alikotoka, halafu anapanga foleni apandishwe tena. Angebaki palepale chini, si angekuwa keshafika?"

"Na wewe unayemkodishia?"

"Mimi naishi kwa ugonjwa huo. Ulishamsikia muuza dawa akiombea watu afya?"

Mambo yaliharibika siku moja ya Machi, kupitia kwa Wiebe Hoekstra. Huyu alikuwa kiongozi wa wafanyakazi thelathini na wanne wa kiwanda cha boliti huko Friesland, waliokuja kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja na wote kukodi kwa Burgi. Bila wao, duka lisingevuka majira ya baridi mawili. Kila baada ya miaka mitatu Wiebe alitia saini mkataba mpya, na mwaka huu ndio ulikuwa wa kutia saini. Lakini sasa Gebhard Fankhauser, bingwa mstaafu wa mashindano ya skii, alikuwa amefungua duka jipya palepale kituo cha gari la waya.

"Mama Burgi," Wiebe alisema akikuna kidevu, "Gebhard anadai wewe hata kusimama juu ya skii huwezi."

"Gebhard? Huyo nilimvalisha kiatu chake cha kwanza, tena akililia mama yake."

"Basi kesho panda nasi, utuonyeshe hiyo theluji ya unga. Tukishuka pamoja, natia saini."

"Kesho nina kazi nyingi."

"Gebhard hana."

Burgi alitabasamu tabasamu la dukani. "Saa tatu niwakute kituoni. Msichelewe."

Zenzi aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Utakufa, Burgi! Na nikuzike na suruali gani?"

"Ya kijani. Hii naivaa kesho."

Asubuhi alisoma kipimajoto ukutani: nyuzi nane chini ya sifuri. Akapaka skii nyekundu nta ngumu, ile ya kuzitelezesha kwenye baridi kali, akaisugua mpaka ikang'aa. Kupaka nta alikuwa bingwa. Alikuwa akiwafundisha watu wazima. Lakini alisahau jambo ambalo watu wa upande wa kivuli husahau kila Machi: kipimajoto chao hupima kivuli chao. Kule juu mteremko unatazama kusini, na kufikia saa nne theluji ile inakuwa uji.

Kituo cha juu kiliwaka jua. Wafriesland thelathini na wanne walijipanga kama kwaya. Gebhard naye alikuwapo, amevaa miwani, mikono kifuani, akijifanya amepita tu.

Burgi aliinama kidogo, akajisukuma. Mita kumi za kwanza zilikuwa kivulini mwa kituo, na lo, aliteleza! Hata yeye alishtuka. Akawaza kwamba kwa miaka arobaini labda alikuwa akiuogopa mti, si mlima. Kisha akaingia juani. Ile nta ikaumana na theluji chepechepe kama gundi na karatasi. Skii zikasimama, mwili ukaendelea. Hakuanguka kwa kishindo, heri angeanguka hivyo. Aliinama polepole, kwa heshima zote, kama anayesujudu, mpaka uso ukazama kwenye uji.

"Mama Burgi!" Wiebe alifika kando yake. "Unatafuta kitu?"

"Ndiyo."

"Umepoteza nini?"

"Akili. Nimeikodisha, haijarudishwa."

Gebhard alipaza sauti toka juu, "Shangazi, nikuletee machela?"

"Niletee mama yako, nimweleze jinsi ulivyolia!"

Wafriesland walipasuka kwa kicheko. Burgi aliketi akajipangusa masikio. Hakuona faida ya kuongeza uongo juu ya uongo uliolowa.

"Sikiliza, Bwana Wiebe. Sijateleza tangu nina miaka kumi na tisa. Na utamu wake siujui. Naona watu wazima wanaolipa ili waogope."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kingo za chuma za skii zako zina kutu. Nimekula kwa chuma maisha yangu yote, mama. Skii inayoteleza kila siku kingo zake hung'aa kama kisu. Zako mwaka wa tano huu nazitazama zikiliwa na kutu mlangoni."

Burgi alizitazama. Kweli, zilikuwa kahawia kama chai.

"Basi huku umenipandisha kufanya nini?"

"Tuliwekeana dau ndani ya basi kama utakubali. Mimi nilisema utakubali, kwa sababu hujawahi kukataa biashara." Akaketi kando yake, akalegeza vifungo vya kiatu. "Gebhard anateleza kama malaika. Jana alinipa kiatu nijaribu. Baada ya nusu saa sikusikia vidole. Katika watu wangu, thelathini wanakuja kwa supu na jua. Wote wanataka miguu isiume. Kwa miaka kumi na mmoja umetudanganya kuhusu theluji, lakini kuhusu mguu hujatudanganya hata mara moja."

Burgi alivuta pumzi. Machozi yangeweza kuja, lakini hesabu ilikuja kwanza.

"Mkataba wa miaka mitano," alisema.

"Tulizoea mitatu."

"Mitatu ilikuwa kabla hujanilaza kwenye uji mbele ya Gebhard."

Wiebe alicheka. "Minne."

"Minne, na mnasimulia kwenu kwamba nilianguka kwa sababu ya nta."

"Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo maana nataka isimuliwe."

Alirudi chini kwa gari la waya, skii mkononi, kwenye jua kali, aibu ambayo kule Hinterlahn humpata mtu mara moja tu maishani. Mlinzi wa mlango wa kituo alimpungia kofia. Burgi naye akampungia kama malkia.

Kesho yake alfajiri alitoka nyuma ya duka na skii nyekundu. Zenzi alichungulia dirishani.

"Bado tu? Si wameshakujua!"

"Wafriesland ndio wamenijua," Burgi alisema. "Kesho kutwa linakuja basi la Wadenmaki."

Akaketi juu ya ndoo, akachukua msasa, akaanza kusugua kutu.